Kunguru, sumu na insha yako: unaposhindwa kuchagua kati ya mnyama na mazingira

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuoni, Dar es Salaam. Tumepewa insha ya tafakuri binafsi, maneno 1,500, kuhusu maadili ya mazingira na ya wanyama. Niliandika juu ya kunguru niliowakuta wamekufa kwa sumu karibu na hosteli. Nilieleza kwamba nawapenda wanyama, nayapenda mazingira, wote ni viumbe wa Mungu, na binadamu ni mkatili. Insha imerudi na wino mwekundu: "Unapenda vyote viwili. Vikigombana utasimama wapi?" Je, kuua kunguru ni kosa au si kosa? Na nitaandikaje bila kuonekana nalia tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wino huo mwekundu umekuonyesha mahali insha yako ilipojificha. Ulisema mambo mawili kana kwamba ni moja, na hukukosea peke yako, kwa sababu siku nyingi hayo mawili hayagombani. Ukipinga uvuvi wa baruti umewatetea samaki na matumbawe kwa mkupuo mmoja. Kwa kunguru mweusi wa Dar es Salaam mambo hayaendi hivyo. Ukimtetea yeye, kuna ndege wadogo kama chozi, mnana na shore ambao makinda yao yataliwa. Ukiwatetea hao, yeye atauawa.

Maadili kuhusu wanyama huanza na mnyama mmoja, huyu hapa, mwenye mwili unaoumia. Maadili ya mazingira huanza na mkusanyiko: spishi, msitu, mwambao, nani anamla nani na kwa kiasi gani. Angalia hata sarufi yetu. Tunasema "kunguru amekufa" kwa upatanisho uleule wa "mtu amekufa", lakini tunasema "spishi imetoweka" na "mazingira yameharibika". Mnyama mmoja ameingizwa katika ngeli ya watu, na jumla yake imebaki nje. Hiyo haitoshi kuwa hoja, kwa kuwa kupe naye yumo katika ngeli hiyohiyo. Lakini ni njia nzuri ya kupima rasimu yako: kwenye kila sentensi jiulize kama unamzungumzia *yeye* au unaizungumzia *hiyo*. Rasimu nyingi za wanafunzi huharibika pale zinaporuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa jumla bila mwandishi kujua kwamba ameruka.

Mgogoro huu una historia, na waliogombana ni watu makini. Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1789 kwamba swali la kuuliza juu ya mnyama ni kama anaweza kuumia. Kufikiri na kusema si kipimo. Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, akalijenga wazo hilo upya mwaka 1975: maumivu yanayolingana yahesabiwe sawa, awe ameyapata mtu au kunguru. Usimlishe maneno, maana hakusema kwamba maisha yote yana thamani sawa. Tom Regan, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1983 alikwenda mbali zaidi. Kwake mnyama mwenye kumbukumbu, matarajio na maisha yanayoweza kumwendea vizuri au vibaya ana haki, na haki hiyo haiuzwi kwa faida ya wengine, hata wengine hao wakiwa ni msitu mzima.

Upande wa pili yuko Aldo Leopold, mwanamisitu wa Marekani. Ujanani alikuwa akiwapiga risasi mbwamwitu akiamini kwamba wakipungua, paa wataongezeka. Baadaye akaona milima ambayo mbwamwitu wameisha na paa wametafuna kila kichaka hadi wenyewe wakafa njaa. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kufariki, alisema kitendo ni chema kinapolinda ukamilifu, uthabiti na uzuri wa jumuiya ya viumbe hai, na ni kibaya kinapoelekea kinyume. Kwa kipimo hicho, kumuua kunguru vamizi si jambo linaloruhusiwa tu; linaweza kuwa wajibu. Regan alipoyasoma haya aliyaita ufashisti wa mazingira: mmoja anatolewa kafara kwa ajili ya wengi, halafu kafara hiyo inaitwa wema. J. Baird Callicott, mfuasi wa Leopold, mwaka 1980 aliwashambulia vikali watetezi wa wanyama, na mwaka 1988 akalegeza na kutafuta namna ya kuzikutanisha kambi mbili. Mtaje huyo kwenye insha yako ikikufaa. Anaonyesha kwamba mtu anaweza kubadili msimamo kwa hoja na heshima yake isipungue, na tafakuri binafsi inahitaji ujasiri wa namna hiyo.

Sasa kabla hujasema kosa au si kosa, mjue kunguru mwenyewe. Hapa ndipo insha nyingi hulegea, kwa kuwa mwandishi hukimbilia maadili akiwa hajui kilichotokea.

Huyu ni kunguru wa India, *Corvus splendens*. Shingo na kifua chake ni kijivu, kwingine mweusi wa kung'aa. Usimchanganye na kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni, ambaye hana kesi hii. Aliletwa Zanzibar kutoka Asia ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka za mji, na Mombasa alirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1947. Hakujialika, basi. Aliitwa, akapewa kazi, akaifanya, akazaliana. Hutaga kwa kawaida mayai matatu hadi matano, huyaatamia kiasi cha siku 16 au 17, na hula karibu kila kitu: wali uliomwagwa, utumbo wa samaki, mijusi, mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga wa kuku. Januari 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru hawa milioni moja ukanda wa pwani kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo unachokiandika ni jambo ambalo serikali za mwambao huu zinaliamua sasa.

Swali linalofuata ni: sumu gani? Usiandike "sumu" halafu ukaendelea. Inayotumika katika kampeni rasmi kwa kawaida ni DRC-1339, inayojulikana pia kwa jina la Starlicide, iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1960 dhidi ya ndege waharibifu. Huharibu figo za ndege. Taka za mwili hujaa kwenye damu na ndege hufa saa nyingi baadaye, wakati mwingine baada ya siku moja hadi tatu. Kwa kuwa huvunjikavunjika mwilini upesi, mnyama anayekula mzoga hupata hatari ndogo kuliko kwa sumu nyingine. Wanaoitetea husema ndege hupoa, husinzia, kisha hufa. Wanaoipinga husema kutulia kwa ndege si ushahidi kwamba haumii, na saa nyingi za figo kufa si kifo chepesi. Hoja hiyo ya pili ina uzito, nawe uipe nafasi. Kuku na njiwa nao hudhurika na sumu hiyo, na ndiyo sababu haipaswi kushikwa na mtu asiyefunzwa.

Kazi ikifanywa sawasawa huwa hivi. Kwa siku kadhaa huwekwa nyama safi isiyo na kitu, vipande vidogo, mahali palepale, saa ileile ya asubuhi, hadi kunguru wazoee na mtazamaji ahakikishe kwamba hakuna ndege mwingine anayekuja kula. Ndipo siku moja huwekwa iliyotiwa dawa, kiasi cha kuliwa chote, huku mtu akisimama hapo. Kinachobaki hukusanywa chote na kufukiwa au kuchomwa, na mizoga vivyo hivyo. Kosa la kawaida ni kuruka siku za mazoea, au kumwaga chambo na kuondoka. Matokeo yake ni njiwa waliokufa, kuku wa jirani waliokufa, na kunguru waliobaki ambao wameona wenzao wakifa pale na hawatarudi tena. Kunguru wana kumbukumbu kali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, juu ya jamaa yao wa Marekani ulionyesha kwamba hukumbuka kwa miaka uso wa mtu aliyewakamata.

Ipo namna nyingine ambayo haistahili kuitwa kampeni: mtu ananunua sumu ya wadudu dukani, anapaka kwenye mabaki ya nyama na kutupa nyuma ya nyumba. Hiyo huua mbwa, paka, mwewe, na yeyote atakayegusa. Kama kunguru wa hosteli yenu walikufa kwa namna hiyo, insha yako ni nyingine kabisa, kwa kuwa hapo hata Leopold hawezi kuitetea. Ulizia. Waulize walinzi, uliza ofisi inayosimamia usafi, andika walichokujibu. Na usiguse mzoga kwa mkono mtupu.

Sumu ikikataliwa kuna mtego wa kizimba: chumba cha waya chenye paa lililoachwa uwazi mwembamba, ambapo kunguru hushuka akiwa amefunga mbawa, kisha hawezi kutoka akiwa amezikunjua. Ndani huwekwa kunguru hai wa kuvutia wengine. Watu huuona mtego huu ni wa huruma kuliko sumu. Unaweza kuwa hivyo, kwa masharti: maji kila siku, chakula, kivuli, kitulio cha kukalia, mtego kukaguliwa asubuhi na jioni, ndege wa asili kuachiwa mara moja, na waliokusudiwa kuuawa na mkono uliofunzwa, shingo kuvunjwa kwa tendo moja la haraka. Mtego uliosahauliwa juani Februari, ukiwa na ndege sita na kopo kavu la maji, ni mbaya kuliko sumu. Picha kama hiyo, ukiiona kwa macho yako, inafaa kubeba ukurasa mzima wa tafakuri.

Umeuliza kuua kunguru ni kosa au la. Nitakupa msimamo wangu, nawe uukatae ukiwa na sababu.

Naona kuua kunguru vamizi kunaweza kuhesabiwa haki, lakini hakuwezi kuwa jambo la kwanza kufanywa, na mara nyingi ndilo la kwanza linalofanywa. Chukua hesabu ya mfano. Mtaa una kunguru 1,000, na jozi 400 zinataga. Kila jozi ikikuza makinda wawili, ni ndege wapya 800. Chakula hakiwatoshi wote, kwa hiyo wengi hufa na idadi inabaki palepale. Sasa ua 600. Wanabaki 400, tuseme jozi 160, na chakula ni kilekile cha ndege 1,000. Kila jozi sasa inashiba na kukuza makinda watatu: ndege wapya 480. Ndani ya mwaka unakaribia 900. Umeua viumbe 600 na mtaa umerudi karibu na pale ulipokuwa. Mwakani utaua tena. Nambari hizi nimezitunga ili uone mwendo wa jambo, lakini mwendo wenyewe ndio huo: ndege hufuata chakula, na chakula tunakimwaga sisi. Pipa lisilo na mfuniko, dampo la wazi, utumbo wa samaki uliotupwa pembeni ya soko, mabaki ya mama lishe yaliyomwagwa kwenye mtaro, machinjio yasiyofukia taka zake.

Hapo kambi mbili zinakutana bila kulazimishwa. Anayemtetea ndege mmoja hawezi kukubali vifo 600 visivyobadilisha kitu. Anayetetea mazingira hawezi kuita hiyo kazi ya uhifadhi. Kwa hiyo taka kwanza. Halafu viota na mayai viondolewe mapema, kabla ya makinda kuanguliwa. Kuua kuwe mwisho, kwa njia yenye maumivu machache, mahali ambapo kweli kuna spishi ya kuokoa, na mtu akabidhiwe wajibu kwa jina. Kisiwa kidogo chenye ndege wa asili walio hatarini kinaweza kufikia hatua ya mwisho haraka. Ua wa hosteli wenye pipa lililojaa haujafika hata hatua ya kwanza.

Regan bado atasema hapana, na hoja yake sijaivunja. Yule kunguru mmoja hakuchagua kuzaliwa kwenye dampo letu. Mpe aya nzima, kwa maneno yenye nguvu ambayo yeye mwenyewe angeyakubali. Kama baada ya kuiandika unabaki na uzito kifuani, usiuondoe. Unaweza kuamini kwamba jambo ni halali na bado uone kwamba limekudai kitu.

Umetaja viumbe wa Mungu. Usiliache hewani hilo. Pwani hii wengi watakukumbusha Hadithi ya Mtume Muhammad inayomtaja kunguru kati ya viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa, pamoja na mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kung'ata. Ni kweli imo. Imo pia ile inayoamuru wema katika kila jambo, kwamba ukichinja unoe kisu na umpumzishe mnyama, na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Ruhusa ya kuua na katazo la kutesa vinakaa pamoja katika mapokeo hayohayo. Kama wewe ni Mkristo una maandiko yako. Fanya kazi hiyohiyo, usichukue mstari mmoja unaokufurahisha. Sheria ya Tanzania nayo ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Isome mwenyewe kabla ya kuitaja.

Sasa uandishi. Kabla ya kugusa rasimu, nenda na daftari kwa asubuhi mbili, saa kumi na mbili hadi saa moja, ukae mahali pamoja. Andika kunguru wangapi, wanakula nini hasa, kimetoka kwa nani, na ndege gani wengine wapo. Jioni moja hesabu wanaoingia kwenye mti wanakolala. Ukikaa chini ya kiota wakati wa makinda watakupiga kichwa, kwa hiyo kaa mbali. Saa tatu za kutazama zitakupa nyenzo kuliko kurasa thelathini za nadharia.

Maneno 1,500 yagawe hivi kwa makadirio: 200 kwa kile ulichokiona, 300 kwa ukweli wa kunguru na sumu, 500 kwa mgogoro wenyewe, 250 kwa hoja ya anayekupinga, 250 kwa msimamo wako. Anza na ndege mmoja. Usianze na "Tangu enzi za mababu binadamu na mazingira". Andika mbawa zilivyokaa, inzi, mlinzi aliyepita bila kutazama. Kisha sema ulichohisi kwa sentensi moja, na sentensi inayofuata iwe ni swali: nilihisi hivyo kwa nini? Hapo umeacha kulia na umeanza kufikiri. Hisia ni ushahidi, na ushahidi huhojiwa.

Hoji hivi: je, ungehisi hivyo kwa panya? Kama hapana, ni kwa sababu panya haumii, au kwa sababu hukumwona? Na kama unakula kuku, jambo hili huwezi kulipita. Kuku wa kisasa unayemkuta kwenye chipsi ameishi wiki tano au sita, kwenye banda ambamo mara nyingi hajawahi kuona jua, na miguu yake wakati mwingine hushindwa kubeba uzito aliofugwa kuwa nao. Kunguru wa hosteli aliruka, akaiba, akazaa, akafa vibaya siku moja. Yupi kati ya hao wawili alidhulumiwa zaidi? Si lazima uache kuku ili uandike insha. Ni lazima useme ukweli kwamba huruma yako ilichagua, na utafute ilichagua kwa kigezo gani. Aya hiyo ikiandikwa kwa unyoofu, msahihishaji ataweka kalamu chini.

Yapo maneno yatakayokuponza. "Haki": usilitumie ukimaanisha tu kwamba jambo limekuuma, ukisema kunguru ana haki ya kuishi, umejifunga na Regan na itabidi useme pia juu ya kuku, mbu na panya. "Mgeni": ndege aliyezaliwa Kariakoo, na bibi wa bibi yake alizaliwa hapo, hana hatia ya ugeni, kinachopimwa ni madhara anayoyafanya, si mahali babu zake walikotoka. "Hata wao wanaua makinda": kunguru hawezi kujizuia kwa sababu ya maadili, wewe unaweza, kwa hiyo kosa lake haliwi ruhusa yako. Na "unyama": katika lugha yetu ndilo neno la ukatili wa kupindukia, na utaona ajabu ukiliandika juu ya watu waliomwagia ndege sumu.

Ukimaliza rasimu, ipitie ukitafuta maneno "sisi binadamu" na "jamii". Kila unapoyakuta, yafute na uandike ni nani: ofisi iliyonunua sumu, gari la taka lililokaa wiki mbili bila kuja, kantini iliyomwaga wali nyuma ya jiko, au mkono wako uliotupa mfuko wa chipsi chini ya mwembe walikolala.